Macho ya Karibu: Mwongozo wa Kumlinda Mtoto kwa Mzazi na Jirani wa Mpanda na Katavi

Mvua za kwanza zinaponyesha Novemba, nyumba nyingi za Katavi hubaki na watu nusu. Baba na mama wanahamia shambani, kwenye kibanda cha nyasi kilicho mwendo wa saa kadhaa kutoka kijijini. Nyumbani anabaki binti wa miaka kumi na miwili na wadogo zake wawili, debe la unga na maagizo: fungeni mlango mapema, shule msikose, mama atakuja Jumamosi. Wazazi hao wanalima ili watoto wale, wala hakuna anayewatakia wanawe mabaya. Lakini kijiji kizima kinajua watoto gani wako peke yao, na mtu mwenye nia mbaya anajua pia.

Mkoa wetu umekua kwa kasi. Ulipoanzishwa mwaka 2012, ukimegwa kutoka Rukwa, sensa ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Wamekuja wakulima na wafugaji wenye ng'ombe, wachimbaji wa dhahabu na wafanyabiashara, wakaungana na Wapimbwe, Wabende, Wakonongo na Wafipa waliokuwapo, na familia zenye asili ya Burundi zilizoishi Katumba na Mishamo tangu miaka ya sabini. Makanyagio au Majimoto, Inyonga au Karema, jirani wa leo huenda mwaka juzi hakuwapo. Zamani shangazi, bibi au mama mkubwa alikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Sasa mara nyingi yuko mkoa mwingine.

Mwongozo huu umesimama juu ya jambo moja: mtoto huumia pale ambapo hakuna mtu mzima wa karibu anayemwangalia na kuthubutu kusema. Sheria tunazo, namba za simu tunazo, ofisi zipo. Vyote hivyo husubiri mtu mmoja aliyeona afungue kinywa.

Tunazungumzia nini

Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni kila aliye chini ya miaka kumi na minane. Ukatili dhidi yake una sura nne, na mara nyingi sura mbili au tatu hukaa katika nyumba moja.

*Ukatili wa mwili* ni kumpiga, kumchoma, kumfunga kamba, kumnyima chakula kama adhabu. Alama huonekana, lakini nguo ndefu na maneno ya "alianguka" huzificha.

*Ukatili wa kingono* ni kubaka na kulawiti, na pia kumshikashika mtoto, kumwonyesha picha chafu, kumlazimisha aguse mwili wa mtu, kumpiga picha za utupu. Wavulana nao wanafanyiwa, na wao hunyamaza zaidi kwa sababu wamefundishwa kwamba mwanaume halii.

*Ukatili wa hisia* ni matusi ya kila siku, kumwita mtoto mzigo au mchawi, kumtishia kumfukuza, kumlinganisha na ndugu zake mpaka ajione hana thamani. Hauachi kovu, lakini unamfanya mtoto awe windo jepesi kwa yeyote atakayemwambia neno zuri.

*Kutelekeza* ni kutompa mtoto chakula, malazi, matibabu, elimu au uangalizi. Hapa tuwe makini, kwa sababu kati ya umaskini na kutelekeza pana mstari. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamzungumzia mzazi au mlezi ambaye *ana uwezo lakini anakataa au anapuuza*. Mama anayelala njaa pamoja na wanawe mwezi wa Februari, ghala likiwa tupu, hajawatelekeza. Huyo anahitaji kusaidiwa. Baba aliyeuza tumbaku, akahamia kwa mwanamke mwingine mjini na kuacha watoto bila daftari wala chumvi, huyo ametelekeza. Ukijua kutofautisha wawili hawa, hutamwaibisha asiye na kosa, wala hutamwachia mwenye kosa.

Mstari kama huo upo kwenye kazi. Mtoto anayechota maji baada ya shule au kupalilia na wazazi wake Jumamosi anajifunza maisha. Sheria inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka kumi na minne, isiyodhuru afya yake wala kumzuia kwenda shule, na inakataza mtoto kufanyishwa kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Sasa pima kazi tulizonazo. Jani bichi la tumbaku, hasa likiwa na umande au mvua, hutoa nikotini inayopenya kwenye ngozi. Mtoto anayevuna hushikwa na kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na kichwa kuuma, na mdogo huumia upesi kuliko mkubwa. Kwenye machimbo ya dhahabu kuna mashimo yanayobomoka, na kuna zebaki, ambayo mvuke wake wakati wa kuchoma dhahabu hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Mvulana wa miaka minane anayechunga ng'ombe arobaini peke yake pembezoni mwa hifadhi, kwenye simba, viboko na mamba, anafanya kazi ambayo mtu mzima mwenyewe angeiogopa. Hizo ni kazi hatarishi, hata kama mwajiri ni baba mzazi.

Ukubwa wa jambo

Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka kumi na minane. Karibu robo tatu ya watoto wote walipigwa ngumi, mateke au viboko vya kuumiza. Sehemu zilizotajwa sana kwa ukatili wa kingono ni nyumba ya mtu, shuleni, na njia ya kwenda au kurudi shule. Jirani alikuwa miongoni mwa wahalifu waliotajwa mara nyingi.

Katavi tuna namba yetu ya kuumiza. Katika utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015/16, asilimia 45 ya wasichana wetu wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini. Taifa kwa jumla lilikuwa na asilimia 27. Utafiti wa 2022 ulionyesha taifa limeshuka hadi asilimia 22. Mkoa wetu nao umeshuka, lakini bado umo kwenye kundi la mikoa inayoongoza. Nyuma ya kila mimba ya mtoto kuna mtu aliyefanya tendo hilo, na mara nyingi yupo kijijini, anajulikana kwa jina.

Dalili za kuangalia

Dalili moja peke yake haithibitishi kitu. Zikikusanyika, au mtoto akibadilika ghafla, usipuuze.

- Majeraha kwenye mgongo, mapaja, masikio au mikono ya juu, sehemu ambazo mtoto akianguka kwa kawaida hazigongi kitu. Alama zenye umbo la waya, mkanda au sigara. Majeraha mapya juu ya ya zamani.
- Maumivu akikaa au kutembea, kutokwa damu au uchafu sehemu za siri, kukojoa kitandani wakati alishaacha.
- Kuogopa mtu fulani au nyumba fulani, kukataa kubaki na mjomba, mwalimu, mpangaji au mwendesha bodaboda aliyekuwa akimpenda.
- Kushuka ghafla darasani, utoro, kusinzia, kujitenga, hasira zisizo za kawaida.
- Maneno na michezo ya kingono isiyolingana na umri wake.
- Zawadi zisizo na maelezo: simu, nguo, mafuta, hela ya chipsi, lifti ya kila siku. Hizi ni njia za fataki, mtu mzima anayemnunua mtoto kidogo kidogo.
- Njaa ya kudumu, nguo zilezile chafu, kidonda kilichooza bila kutibiwa, mtoto mdogo kumlea mdogo zaidi siku nyingi mfululizo.

Kwa mtoto mwenye ulemavu, ongeza umakini mara mbili. Kiziwi hana namna rahisi ya kueleza, mwenye ulemavu wa akili huambiwa amezua, na mwenye ualbino anahitaji ulinzi njiani hata mchana. Mtoto akifichwa ndani muda wote ili wageni wasimwone, hilo lenyewe ni ukatili.

Mwaka wa Katavi na hatari zake

Hatari kwa mtoto hapa kwetu hufuata msimu. Ukijua msimu, unaweza kujipanga kabla.

*Septemba hadi Desemba.* Darasa la saba wanafanya mtihani. Zipo kaya ambako binti huambiwa aandike ovyo afeli, kwa sababu mahari imeshazungumzwa. Mwalimu akiona mwanafunzi mzuri ameporomoka, amuulize faraghani. Mzazi, kumbuka kwamba ada ya sekondari za serikali kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa mwaka 2016. Gharama ya sare na madaftari ipo, lakini haifiki thamani ya maisha ya binti. Likizo ya Desemba huja pamoja na kilimo: kabla hamjahamia shambani, amueni mtoto atakaa na nani. Hamieni naye huko, au mmoja wenu abaki, au familia mbili tatu zipange zamu, mtu mzima mmoja alale kijijini na watoto wa nyumba zote. Asiwe kijana wa kiume aliyeajiriwa juzi.

*Januari hadi Machi.* Kidato cha kwanza kinaanza, na shule ya kata inaweza kuwa mbali na nyumbani. Hapo huzaliwa geto: watoto wa miaka kumi na minne wanapangiwa chumba mtaani, wanapika wenyewe, wanajilipia. Mwenye nyumba, muuza duka na wa bodaboda ndio wanakuwa wazee wao. Kama bweni lipo, pigania nafasi. Kama halipo, tafuta familia unayoifahamu, siyo chumba. Kama chumba hakiepukiki, kiwe ndani ya uwanja wa familia, wasichana wasiopungua watatu, mlango wenye komeo la ndani, na ufike bila taarifa mara kwa mara. Usipeleke hela kidogo kuliko anayohitaji: upungufu huo yupo atakayejitolea kuujaza. Miezi hii ghala nalo linapungua, wazazi wana njaa na hasira, na fimbo hunyanyuliwa haraka.

*Februari hadi Mei.* Tumbaku inavunwa na kukaushwa. Mabani, vibanda vya kukaushia, huwashwa moto usiku na mchana, na vibarua wageni wanalala shambani. Mtoto asilale kwenye bani, asivune jani lenye unyevu, asilinde moto.

*Mei hadi Agosti.* Mavuno na malipo. Pesa ikiingia, pombe huongezeka, ngoma na harusi huongezeka, na wenye ng'ombe huanza kuulizia mabinti. Ndiyo miezi pia ambayo watu huja kutafuta "dada wa kazi" wa kupeleka Mwanza, Tabora au Dar es Salaam. Mtu akikuomba mwanao kwa ahadi ya kumsomesha mjini, taka jina kamili, mahali anapoishi, na barua kupitia ofisi ya mtendaji wa kata. Akikwepa ofisi, umeshapata jibu.

Kinga inayoanzia ndani ya nyumba

Zungumza na mtoto mapema. Kuanzia miaka mitatu au minne anaweza kujua majina ya viungo vyake vya siri na kwamba hakuna wa kuvishika, isipokuwa mzazi anapomwogesha au daktari anapomtibu, mzazi akiwepo. Mfundishe mambo matatu: kukataa, kuondoka, kusema. Mwambie kwamba mtu mzima anayemwambia "usimwambie mama" amefanya kosa, na kwamba akimwambia mama hatachapwa. Kisha tekeleza ahadi hiyo. Mtoto aliyechapwa kwa kuvunja kikombe hatakuja kukueleza jambo zito kuliko kikombe.

Mtajieni pamoja watu wazima watatu ambao anaweza kuwakimbilia, na mmoja asiwe wa nyumba yenu. Usimlazimishe kumkumbatia au kukaa mapajani kwa mgeni yeyote, hata kama ni ndugu. Salamu ya shikamoo inatosha kuonyesha adabu.

Kuhusu kumrekebisha: Sheria ya Mtoto inakataza mateso na adhabu ya kikatili au ya kudhalilisha. Shuleni, miongozo ya elimu inampa mamlaka ya viboko mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, na adhabu iandikwe kitabuni. Mwaka 2018 mwanafunzi wa darasa la tano wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alifariki baada ya kupigwa na mwalimu. Fimbo ya hasira haina kipimo, nyumbani wala shuleni.

Ziko njia zinazofanya kazi bila fimbo. Weka sheria chache zinazoeleweka na uzifuate kila siku. Mtoto aliyemwaga maji aende akachote mengine. Aliyekosa mwondoe kwenye mchezo kwa muda mfupi, mweleze kosa kwa sauti ya kawaida, kisha limeisha. Msifu anapofanya vema, kwa neno mahususi: "Umemwosha mdogo wako vizuri." Na wewe mzazi, hasira ikipanda, toka nje kwanza, nenda kwa jirani, kunywa maji, rudi dakika kumi baadaye. Mtoto mchanga anayelia bila kukoma awekwe mahali salama kwa muda, asitikiswe kamwe. Kutikisa kichanga kunaweza kuvujisha damu kwenye ubongo na kumuua.

Tunza vilevile cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto na kadi yake ya kliniki, mbali na moto na mvua. Kwenye kesi ya kubaka mtoto, mahakama lazima ithibitishiwe umri wake. Mzazi anaweza kuutolea ushahidi kwa mdomo, lakini hati huondoa ubishi.

Mtoto akikuambia

Kaa chini, uwe usawa wake. Simu weka pembeni. Msikilize mpaka amalize, kwa maneno yake. Mwambie: "Umefanya vizuri kuniambia. Nakuamini. Kosa si lako." Uliza machache, na yawe ya wazi: "Ikawaje?" Usimtajie mtu au tendo ambalo hajataja, maana utamchanganya na utaharibu ushahidi. Usimwulize kwa nini hakupiga kelele. Usimwahidi siri. Mwambie kwamba utawaeleza watu wachache wanaoweza kumsaidia.

Kisha andika maneno yake kama alivyoyasema, tarehe na saa. Usimkabili mtuhumiwa, usikusanye umati: atakimbia, au atauawa bila hukumu na mtoto abaki bila haki. Usimhadithie jirani asiyehusika, wala usitume jina au picha ya mtoto kwenye kundi la WhatsApp.

Saa 72 za kwanza

Kama ni ubakaji au ulawiti, saa zinahesabika.

Usimwogeshe mtoto, usimbadilishe nguo, usizifue. Kama ameshabadilisha, weka nguo kwenye mfuko wa karatasi au kitambaa safi, siyo nailoni, kwa sababu unyevu huozesha ushahidi. Mpeleke hospitali au kituo cha afya mara moja. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi, kisha zitumike siku 28 bila kukatisha. Ndani ya muda huohuo msichana aliyevunja ungo hupewa dawa ya kuzuia mimba. Mtoto hupewa pia tiba ya magonjwa ya zinaa.

Fomu ya polisi namba tatu, PF3, ndiyo inayounganisha daktari na kesi, hivyo kituo cha polisi kikiwa njiani ichukue kwanza. Kikiwa mbali, au mtoto akiwa na hali mbaya, matibabu yatangulie na PF3 ifuate. Ukiishi Mwese au Karema, usisubiri asubuhi ya gulio ndipo upate usafiri. Mwamshe mwenyekiti, piga simu zahanati, tafuta pikipiki usiku huo. Saa 72 zikipita, nenda hata hivyo: majeraha, ujauzito na magonjwa bado yanahitaji daktari, na kosa halifutiki kwa kuchelewa.

Pa kupeleka taarifa

Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinasema ni *wajibu* wa mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa kuitoa kwa serikali ya mtaa. Huhitaji kuwa na uhakika wa asilimia mia. Kuchunguza ni kazi ya wengine.

1. *Simu 116*, huduma ya simu kwa mtoto. Ni bure, saa ishirini na nne. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Kwa dharura ya polisi, piga *112*.
2. *Mwenyekiti wa kitongoji au mtaa na mtendaji wa kijiji au kata.* Hawa wana kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, iliyowekwa na mpango wa kitaifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto (MTAKUWWA) ulioanza 2017/18 na awamu yake ya pili kuzinduliwa 2024.
3. *Afisa ustawi wa jamii* wa halmashauri, iwe Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe au Tanganyika. Yeye ndiye wa kumwendea kwa kutelekezwa, kwa mtoto asiye na pa kulala salama, na kwa baba asiyetoa matunzo. Usuluhishi ukishindikana, mlezi anaweza kuomba amri ya matunzo katika Mahakama ya Watoto.
4. *Dawati la Jinsia na Watoto* katika kituo cha polisi. Omba kuongea faragha. Usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, na jina la mpelelezi.
5. *Mwalimu wa ushauri na unasihi* au mkuu wa shule. Kama mtuhumiwa ni mwalimu, ruka shule nenda juu yake.

Ukizungushwa, panda ngazi: mkuu wa polisi wa wilaya, kisha ofisi ya mkuu wa wilaya. Ukiombwa rushwa, TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba *113*.

Tusiyamalize nyumbani

Kesi nyingi hufia hapa. Familia mbili zinakaa chini ya mwembe, wazee wanapatanisha, ng'ombe wanatajwa, au laki kadhaa, au ndoa. Siku ya mahakama shahidi haonekani. Anayeumia ni mtoto, na wa pili ni mtoto wa jirani, kwa sababu aliyelipa ng'ombe mara ya kwanza amejua bei.

Ubakaji ni jinai dhidi ya Jamhuri, na familia haina mamlaka ya kuusamehe. Kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, tendo la ngono na msichana chini ya miaka kumi na minane ni kubaka hata kama alikubali, na adhabu huanzia miaka thelathini jela. Mtoto akiwa chini ya miaka kumi, ni kifungo cha maisha. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yanampeleka jela miaka thelathini anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari. Kuhusu Sheria ya Ndoa ya 1971 iliyoruhusu binti wa miaka kumi na minne au kumi na mitano kuolewa, Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019.

"Lakini hakuna aliyeona." Sheria ya Ushahidi inajibu: mtoto anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, kwa kuahidi kusema ukweli, na katika kosa la kingono mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto mwenyewe ikiridhika kwamba anasema kweli. Kazi ya familia ni kumfikisha. Kamati ya kijiji ichange nauli, mtu mmoja aandamane naye kila tarehe ya kesi, na asiachwe akae benchi moja na mtuhumiwa.

Kama kuna mimba, binti asifukuzwe nyumbani. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi shuleni baada ya kujifungua. Bibi akishika mtoto, mama yake ashike daftari.

Agenda ya mkutano ujao

Kisheria mkutano mkuu wa kijiji hufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu. Tunajadili barabara, maji, mipaka ya malisho. Nyosha mkono uombe ulinzi wa watoto uwe agenda ya kudumu, na uulize maswali haya mbele ya wote, majibu yaandikwe kwenye muhtasari:

- Wajumbe wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ni nani, na wamekutana lini mara ya mwisho?
- Taarifa ngapi zimepokelewa robo hii, na zimefikia wapi? Majina ya watoto yasitajwe.
- Watoto gani watabaki bila mtu mzima msimu huu wa kilimo, na nani atawaangalia?
- Wanafunzi wangapi wanaishi kwenye mageto, katika nyumba za nani?
- Ni nani mwenye pikipiki aliyekubali kuamshwa usiku kumpeleka mtoto hospitali?
- Namba 116 imeandikwa wapi? Iandikwe kwa rangi ukutani mwa ofisi, zahanati, shule na ghala la chama cha msingi.

Usipopata majibu, uliza tena mkutano unaofuata, na mwingine baada ya huo. Kiongozi akijua ataulizwa, atafuatilia. Na wanaume waliozoea kuhesabu ni nyumba zipi zimebaki na watoto peke yao watajua kwamba safari hii kijiji nacho kinahesabu.